Kopo la Filamu Chini ya Kigoda cha Mama Grimanesa

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Grimanesa Ccorimanya anafungua dirisha la chumba cha nyuma cha Klabu ya Sinema, mtaa wa Tullumayo, hapa Cusco, ili harufu itoke. Ni harufu ya siki. Inatoka kwenye makopo ya bati yaliyopangwa mpaka karibu na dari, na ukikaa nayo nusu saa macho yanaanza kuwasha.

Anavaa glavu za pamba. Kofia yake haivui. Mezani pana kioo chenye taa chini yake, mashine ya mkono ya kuzungushia mkanda, chupa ya spiriti na vitambaa vilivyokatwa kutoka kwenye fulana kuukuu. Anaubana mkanda kwa vidole viwili, anazungusha polepole, anapangusa, anainama na kioo cha kukuzia, anapangusa tena.

"Hawa watu karibu wote wamekufa," anasema bila kunitazama. "Lakini siwezi kuwaacha wachafu."

Chini ya kigoda chake kuna kopo moja ndani ya mfuko wa plastiki wa bluu. Mguu wake wa kushoto uko juu yake. Namuuliza hilo ni la filamu gani.

"Hilo halikuhusu," ananijibu. Anapangusa futi kama tano hivi, kisha anashusha pumzi. "Hata mimi sijui linanihusu vipi."

Nikiri mapema, msomaji asije akanilaumu baadaye. Mhariri alinituma nikaandike habari nyepesi ya mwanamke anayesafisha filamu fupi za zamani: spiriti, vitambaa, miaka mingi ya kazi, basi. Nilipofika ukurasa wa nne wa daftari nilikuwa nimefuta majina mara tatu, na sikujua tena nani alimkata nani nywele. Nitajaribu kulipanga jambo lenyewe kama lilivyo.

Mama Grimanesa ana miaka sitini na sita. Hakuolewa, hakuzaa. Alfajiri huuza uji wa mahindi ya zambarau kwenye kona ya mtaa, na uji ukiisha huja hapa. Klabu humlipa soli arobaini kwa kila kopo analolimaliza, na kopo lililooza vibaya huweza kumla wiki nzima.

"Uji ndio unaolipa kodi ya nyumba," anasema. "Filamu zinalipa ugonjwa wa macho."

Kazi hii aliingia kwa mlango wa jikoni. Mwezi wa nane mwaka 1979, alipokuwa na miaka ishirini, gari la watu wa Lima lilifika Cusco likitafuta mpishi wa kwenda nao milimani wiki mbili. Miaka ile kulikuwa na sheria kwamba majumba ya sinema yaonyeshe filamu fupi ya nyumbani kabla ya filamu kubwa, na waliotengeneza wapate sehemu ya viingilio. Basi kila mwenye kamera Lima alipanda milima kutafuta cha kupiga.

Walikuwa watu watatu tu garini. Mwongozaji alikuwa Lizandro Urteaga, mtu wa kufoka, ambaye kamera aliishika mwenyewe. Dereva alikuwa hana habari na mtu. Mrekodi sauti alikuwa Bi Leonor Aizcorbe, aliyevaa suruali na miwani, na vile vifaa vikubwa vya kusikilizia vikimfunika masikio mchana kutwa.

"Siku ya pili tu Bwana Lizandro akaniona nimekaa nasubiri viazi viive," anakumbuka. "Akanitupia kibao na chaki. 'We mpishi, unajua kuandika namba?' Nikamwambia najua mpaka elfu. Akasema elfu hatufiki, mkanda ni ghali kuliko nyama."

Kibao ndicho kile cha kupigwa mbele ya kamera kila wanapoanza, kikiwa na namba ya mara wanayopiga. Mara nyingi namba ilikuwa moja, kwa sababu mkanda wa kurudia haukuwapo.

Kijiji walichofika ni Ccochapata, juu ya Yanaoca. Lizandro alitaka sherehe ya nywele. Huko mtoto hakatwi nywele mpaka afike miaka miwili au mitatu, zinasokotana mpaka zinakuwa mabonge. Siku ikifika, watu hukusanyika, na anayekata kishungi cha kwanza ndiye anayekuwa mama wa nywele au baba wa nywele wa mtoto huyo, mpaka kufa. Humpa mtoto kondoo jike wa kuanzia kundi. Si mchezo. Watu huchagua mama wa nywele kwa makini zaidi kuliko wanavyochagua mume.

Tatizo ni kwamba wiki ile hapakuwa na sherehe. Lizandro akaomba mtoto. Wakamletea Honorata Puclla, miaka mitatu, kichwa kimevimba kwa nywele, familia yake ikiwa bado inajadiliana nani akate. Mwongozaji akasema tutakata leo, mwanga ni mzuri.

"Hata kondoo alikuwa wa kuazima," Mama Grimanesa anacheka kwa aibu. "Alivalishwa utepe mwekundu, akapigwa picha, jioni akarudishwa kwa mwenyewe."

Filamu yenyewe ni ya dakika kumi na moja. Huku kwetu kila mtu anaiita "ile ya nywele". Ndani yake anaonekana msichana mwenye kofia na sketi ya sufu akishika mkasi, mkono unatetemeka kidogo, kishungi kinaanguka kwenye sahani. Msichana huyo ni Grimanesa. Ilionyeshwa hapa Cusco mwaka mzima kabla ya filamu za ngumi na za mapenzi, naye aliingia kuitazama kila alipopata nafasi.

"Watu walikuwa wanapiga miluzi!" anasema, na hapo uso wake unachangamka. "Ikianza tu, 'Ondoeni hiyo, leteni ya karate!' Mimi nimekaa gizani na karanga za kukaanga mkononi, natazama mikono yangu kubwa kama mlango, na nyuma yangu mtu anasema, 'Mama we, kata basi, tumechoka!' Nikageuka nikamwambia, kachoke kwenu."

Miaka sita baadaye, mwaka 1985, bibi mmoja alimfuata kwenye kona ya uji akiwa amemshika mkono mtoto wa miaka tisa. Mama wa mtoto alikuwa amefariki kwa uzazi. Baba alikwenda kuchimba dhahabu Madre de Dios na hakurudi. Bibi alisema maneno machache tu: "Huyu ndiye mtoto wako wa nywele. Nimekuona kwenye sinema, usinikane."

Hakukana. Alimlaza Honorata kwenye kitanda chake kimoja kwa miaka saba, akamsomesha kwa uji. Mwaka uliofuata, kwa kuona haya ya yule kondoo wa kuazima, alinunua kondoo jike wa kweli na kumpandisha kwenye lori mpaka Ccochapata. Honorata alipokua alirudi kijijini na kuolewa huko. Leo ana miaka arobaini na tisa, ana kundi la kondoo thelathini na moja, binti mmoja na mjukuu mmoja. Kila Alhamisi ya soko hushuka Cusco na hupitia hapa klabu bila kukosa.

"Ndugu zangu wamekwisha," Mama Grimanesa anasema. "Mimi nina Honorata. Nikiumwa nani anakuja? Honorata. Nikifa nani anaosha nguo zangu mtoni? Honorata. Basi."

Mpaka hapo mwandishi alikuwa hajapotea. Sasa sogea karibu.

Bi Leonor Aizcorbe amefariki Lima mwaka huu, akiwa na miaka sabini na tisa. Hakuwa na mtoto. Mpwa wake alisafisha nyumba, akakuta makopo ya filamu chini ya ngazi, akayatuma Cusco kwa basi. Yudith Ñahui, mama wa miaka thelathini na minne anayeongoza klabu hii na kutengeneza filamu zake mwenyewe za maisha halisi, aliyapokea na kumkabidhi Mama Grimanesa. Moja lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya risasi: "Mabaki, Ccochapata."

Mabaki ni vile vipande visivyotumika, ambavyo watu wengi walivitupa au kuviuza.

Alipolifungua, kitu cha kwanza kuanguka kilikuwa bahasha ndogo. Ndani yake kulikuwa na kishungi cha nywele nyeusi kimefungwa utepe mwekundu. Nje ya bahasha kulikuwa na mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma: "Mtoto wa Ccochapata, Agosti 1979."

"Nikasema, nywele za nani hizi? Nikauweka mkanda kwenye kioo. Nikaona kibao. Namba moja." Anasimamisha mashine. "Ule mwandiko ni wangu. Moja yangu ina mkia, hata leo naiandika hivyo hivyo. Kisha mtu anakuja na mkasi. Nikasubiri kujiona. Sikuwa mimi."

Alikuwa Bi Leonor, na suruali yake, miwani yake, vifaa vimeshuka shingoni. Alikata kishungi cha kwanza, akakiweka kwenye sahani, akacheka. Hapo unaona mkono wa Lizandro ukipita mbele ya kamera kwa hasira. Halafu kibao kingine, namba mbili, safari hii kwa mwandiko wa Lima. Na sasa anaingia Grimanesa, na kofia na sketi. Mtoto amegeuzwa upande, ili lile pengo la nywele zilizokwisha kukatwa lisionekane.

"Bwana Lizandro hakutaka mama wa nywele mwenye suruali," anasema. "Alitaka anayefanana na mlima. Akanichukua mimi niliyekuwa napika."

Namuuliza lile ambalo hata wewe msomaji unaliuliza. Mama, wewe ulikuwapo. Kibao ulikishika mwenyewe. Ulisahau vipi?

Hapo anavua glavu moja, anajipangusa jicho kwa mgongo wa mkono, na kwa mara ya kwanza ananitazama.

"Nilijua tulirudia. Miaka yote nilijua. Lakini nilidhani tulirudia kwa sababu mimi nilikosea mara ya kwanza, mkono ulitetemeka. Ile filamu nimeiona mara mia na kitu, mwanangu. Sijui tena nakumbuka siku ile au nakumbuka filamu. Nikifumba macho namwona Bi Leonor amekaa na masikio yake, mkasi hana. Sasa huyu wa kwenye mkanda ni nani? Na mimi ni nani wa Honorata?"

Niliandika swali hilo kwenye daftari nikalipigia mstari.

Kopo alilifunga kwenye mfuko wa bluu akaliweka chini ya kigoda. Hiyo ni siku kumi na tisa zilizopita. Hajamwambia mtu, si Yudith, si Honorata. Alhamisi mbili zimepita Honorata akiingia na kutoka, Mama Grimanesa akiwa amekanyaga kopo kwa mguu na kusingizia baridi yabisi.

Na shida haijaishia hapo. Mkanda ule umeoza. Ukianza kunuka siki unajikunja, unakuwa mgumu, mwisho unabanduka magamba na picha inakwenda zake. Kesho Ijumaa makopo ya mwaka huu yanapanda basi kwenda Lima, ambako kuna mashine ya kunakili. Zamu nyingine ni mwakani.

"Hili halina mwaka," anasema na kuligusa kwa kisigino. "Lina miezi minne, mitano. Nikiliacha hapo hapo, sina haja ya kusema uongo. Linajifia lenyewe, na hakuna atakayejua."

"Na ukilisafisha?"

"Yudith anafurahi, Lima wanafurahi, na mimi nabaki mpishi." Anavaa glavu. "Miaka yote hii sijawahi kuacha hata futi moja ife makusudi. Hata filamu mbaya. Na kuna filamu mbaya, usinifanye niseme! Sasa ya kwanza iwe hii? Sijui. Kila siku naamka nimeamua, nikinywa uji nimeamua kinyume."

Juu ya yote hayo kuna Jumapili. Jumapili hii, kule Ccochapata, mjukuu wa Honorata, mtoto Illari mwenye miaka miwili na nusu, anakatwa nywele kwa mara ya kwanza. Mkasi amepangiwa Mama Grimanesa. Yudith atakwenda na kamera yake, kwa kuwa anatengeneza filamu juu ya filamu ile ya 1979, na usiku watatundika shuka ukutani kanisani na kuwaonyesha wanakijiji ile ya nywele. Miaka hii vijana kama Yudith hushindania fedha za wizara kwa kujaza fomu nene kama matofali, na filamu zao huonyeshwa zaidi kwenye shuka za vijijini kuliko kwenye sinema za mjini. Hakuna anayepiga miluzi, na Mama Grimanesa anasema miluzi ameikumbuka.

Saa tano na robo Yudith anachungulia mlangoni. "Mama, makopo ya Lima ni mangapi? Niandike."

"Sita," anajibu. Kisha, "Ngoja. Sita au saba. Usiandike."

Yudith ananitazama mimi kama nimemharibia mtu wake, anaondoka.

Saa sita kasorobo Honorata Puclla anaingia na mzigo mgongoni, mwanamke mfupi, mashavu yamechomwa na jua la juu, kofia imekaa upande.

"Mama Grima! Bado unanuka achari tu?" anasema na kumkumbatia kwa nyuma. "Siku moja nitakula na wewe viazi nikudhanie ni pilipili ya kusindika."

"Nyamaza, kuna mgeni."

"Mgeni naye ananuka hivyo hivyo." Ananipa mkono, kisha anafungua mzigo: jibini, mahindi ya kuchemsha bado ya moto, viazi vilivyokaushwa kwa barafu. Ananimegea jibini kabla hajaniuliza jina. "Mkasi nimepeleka kunolewa, Mama. Na Illari kichwa chake usiombe. Tumejaribu kuchana, chanuo limevunjika. Yudith anasema nywele zitaonekana vizuri sana kwenye kamera."

Mama Grimanesa ameshika kitambaa na hakipitishi popote.

"Una nini wewe?" Honorata anauliza. "Unaumwa?"

"Kaa."

"Nimekaa."

"Kaa vizuri."

Anainama, analivuta kopo, anafungua fundo la mfuko wa bluu. Siki inajaa chumba kizima. Anautoa mkanda, anaupitisha kwenye mashine, na nauona mkono wake unatetemeka. Ninajua nimeuona wapi mtetemeko huo. Sote tumeuona, kwenye ile ya nywele.

"Tazama," anasema, na anamsogezea kioo cha kukuzia.

Honorata anainama. "Huyu ni mimi? Loo! Kichwa kama kiota cha ndege! Na huyo bibi yangu huyo, na ile shali yake. Hii mbona siijui?" Mashine inazunguka. Kibao. Kisha anairudisha mashine nyuma kidogo, anatazama tena. Mimi nimeacha kutafuna.

"Umeona?" Mama Grimanesa anauliza.

"Nimeona."

"Umemwona nani?"

"Yule wa makopo masikioni," Honorata anasema taratibu. Ananyanyua uso. "Kumbe picha yake ipo?"

"Unamjua?"

"Sijawahi kumwona. Bibi aliniambia."

"Alikuambia nini? Lini? Sema!"

"Nikiwa na miaka kumi na tano, bibi alipokuwa anakufa. Aliniambia, 'Aliyekukata wa kwanza ni mwanamke wa Lima mwenye makopo masikioni, kaondoka na gari, tutamtoa wapi? Lakini yule mpishi yuko Cusco, na watu wote wamemwona kwenye sinema na mkasi mkononi. Hawezi kukana. Ndipo nikakupeleka kwake.'" Honorata anaweka kioo mezani. "Mama Grima, mimi nilidhani unajua. Si ulikuwapo?"

Hapo ndipo nilipoacha kuandika, maana kalamu ilikuwa haijui imfuate nani.

"Unajua tangu una miaka kumi na tano?" Mama Grimanesa amesimama. "Miaka thelathini na minne unanificha, na mimi siku kumi na tisa tu zimenimaliza! Silali! Nimekanyaga kopo mpaka mguu umekufa ganzi!"

"Mimi sikukuficha. Nilikuwa nakustahi."

"Kwa hiyo mlinichagua kwa kuwa kona yangu iko karibu na kituo cha lori?"

"Ndiyo," Honorata anasema, na kicheko kinamponyoka. "Na kwa kuwa una moyo mwepesi. Bibi alisema hilo pia. Alisema, yule akimwona mtoto ana njaa, kwisha habari yake."

Mama Grimanesa anakaa. Analia na kucheka kwa pamoja, na matusi mawili matatu ya Kiketchua yanamtoka ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa, yote yakielekezwa kwa marehemu bibi. Kisha anasema kwa sauti ndogo, "Lakini wa kwanza si mimi, Honorata. Namba moja si mimi."

"Kondoo wa kwenye filamu alikwenda wapi?"

"Alirudi kwa mwenyewe. Unajua."

"Na wangu nani alinunua?"

Mama Grimanesa anatazama mikono yake.

"Nakuuliza, Mama. Thelathini na moja ninao zizini. Wametoka kwa kondoo wa nani? Wa Lima?"

"Wangu," anasema.

"Basi usinichoshe."

Ningefurahi kuishia hapo, ila bahasha ilikuwa bado. Mama Grimanesa aliitoa mfukoni na kumpa Honorata. Honorata alikifungua kishungi, akakishika karibu na dirisha. Kicheko kikaisha.

"Hizi ni zangu?"

"Zako. Kaziweka miaka arobaini na sita."

Honorata alisoma maandishi ya nje, akageuza, akatafuta upande wa pili. "'Mtoto wa Ccochapata.' Hata jina langu hakulijua. Ana nywele zangu nyumbani kwake, mimi nalala na njaa, na hata salamu?" Sauti yake ilikuwa imepanda. "Mama yangu anakufa, yeye ana nywele zangu!"

"Labda hakujua maana yake," Mama Grimanesa alisema. "Labda alidhani ni mchezo wa kamera."

"Asiyejua maana haweki kwenye bahasha."

"Basi alijua."

"Na anayejua anakaa kimya?"

Mimi nami nilikuwa nimejaribu kumwelewa Bi Leonor tangu asubuhi, na nimeshindwa. Nilimpigia simu mpwa wake Lima jioni ile. Alisema shangazi yake hakuwahi kuitaja Ccochapata, ila mkasi wowote ndani ya nyumba alikuwa hauachi juu ya meza. Daima aliufungia kabatini, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Nimeliandika hapa kwa kuwa aliniambia. Sijui linasema nini.

Saa nane kasoro kidogo kazi ilirudi kuwa kazi. Mama Grimanesa alilowesha kitambaa kwa spiriti na kuanza kuupangusa mkanda ule, futi kwa futi, Honorata akiushika upande wa pili usiguse sakafu. Walipofika kwa Bi Leonor na mkasi, Mama Grimanesa alipangusa mara mbili.

"Mbona unamng'arisha hivyo?" Honorata alinung'unika.

"Ni kazi yangu. Wewe shika."

Yudith alipochungulia tena aliambiwa makopo ni saba. Lebo ya lile la saba ilichukua muda mrefu kuliko kopo lenyewe. Mama Grimanesa aliandika akakata, akaandika akakata. Mwisho ilisomeka hivi: "Ccochapata, 1979. Namba 1, Leonor akata. Namba 2, Grimanesa akata. Mtoto ni Honorata Puclla." Jina la Honorata aliliandika kwa herufi kubwa. Yudith alilisoma mara mbili, akamtazama Mama Grimanesa, akamtazama Honorata, akauliza ina maana gani.

"Ukijua utuambie," Honorata alimjibu.

Kishungi hakikwenda Lima. Honorata amekifunga kwenye pindo la shali yake. Anasema bado ana hasira nacho, lakini Jumapili atakiweka kwenye sahani moja na nywele za Illari, na mambo ya hasira ataona baadaye. Filamu ile ya 1979 itaonyeshwa kwenye shuka kama ilivyopangwa. Kipande kilichofichwa kitaonyeshwa kikirudi kutoka Lima, kama kitakuwa hai.

Nilimuuliza Mama Grimanesa kama bado ataushika mkasi wa Illari. Alikuwa anafunga dirisha.

"Asubuhi ningekwambia hapana," alisema. "Mchana ningekwambia sijui. Sasa hivi Honorata anasema nywele za Illari hakuna aliyezigusa, hapo hakuna kopo la mtu. Kwa hiyo nitakata. Kondoo nimeshamlipia, na huyo harudi kwa mtu." Alichukua kipande cha chaki kwenye rafu, akakiangalia, akakitia mfukoni mwa sketi. "Kibao nitaandika mwenyewe. Nimemwambia Yudith tunapiga mara moja tu. Mwanga ukiwa mbaya, mbwa akipita, mkono wangu ukitetemeka, potelea mbali. Na atakayesema turudie, akumbuke mkasi ninao mimi."